Barafu ya kale ilifika wapi? Namna vifusi vya mawe vinavyosomwa

Kila inapotoka habari kwamba barafu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori inakwisha, mabishano huanza upya. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu iliyobaki kwenye milima ya Afrika huenda ikawa imetoweka ifikapo 2050, na Umoja wa Mataifa ukaufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kuhifadhi Barafuto. Upande mmoja ukasema dunia inaungua. Upande wa pili ukajibu kwamba barafu imekuwa ikija na kuondoka tangu zamani, kwa hiyo la leo si geni. Na wapo wanaouliza swali ambalo kwangu ndilo la msingi: hayo ya zamani mmeyajuaje? Nani alikuwepo miaka 20,000 iliyopita akaona barafu ya Rwenzori ikishuka hadi karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo leo ni msitu mzito?

Swali hilo linastahili jibu kamili. Jibu lenyewe limo katika mawe, mchanga na udongo ambao barafu iliubeba kisha ikauacha.

Tuanze na maneno machache. Theluji ikianguka mahali penye baridi na isiyeyuke yote, ya mwaka huu hulala juu ya ile ya mwaka jana. Ya juu huigandamiza ya chini, hadi chini kabisa inageuka barafu ngumu. Unene ukifika makumi ya mita, barafu huanza kutiririka polepole kwa uzito wake yenyewe. Hapo inaitwa barafuto, yaani mto wa barafu. Ikiwa kubwa kiasi cha kufunika nchi nzima, mabonde na milima kwa pamoja, inaitwa ngao ya barafu. Leo dunia ina ngao mbili tu, ya Antaktika na ya Greenland. Miaka 26,000 hadi 19,000 iliyopita, baridi ya mwisho ilipofika kileleni, ngao nyingine ilifunika karibu Kanada yote na kaskazini ya Marekani, na nyingine ilifunika Skandinavia na nchi zinazoizunguka. Afrika Mashariki wakati huo haikuwa na ngao. Ilikuwa na barafuto kwenye milima yake mirefu.

Barafu inayotiririka hubeba. Hung'oa mawe kwenye mwamba iliouegemea, huyasaga, hupokea yanayoporomoka kutoka kingo za bonde, na yote husafiri nayo. Inapoyeyuka, mzigo hubaki chini. Mzigo huo ndio mashapo ya barafu. Mchanganyiko wa udongo laini, kokoto na mawe makubwa uliotuliwa bila mpangilio huitwa tili. Tili na mawe yakirundikana kuwa kigongo mbele ya barafu au kando yake, kigongo hicho huitwa moreni.

Aliyekulia pwani anaujua mstari wa mwani, vijiti na takataka ambao maji huuacha ufukoni yakishapwa. Mstari ule unamwambia mtu maji yalifika wapi hata kama hakuyaona yakijaa. Siku za bamvua maji hupanda juu sana na mstari hukaa juu. Siku zinazofuata kila kujaa huishia chini kidogo ya jana, na mistari hupangana kushuka, ule wa chini kabisa ukiwa wa mwisho. Bamvua nyingine ikija, huifagia yote na kuacha mstari mmoja mpya. Moreni nazo husomwa hivyo. Ya mbali kuliko zote inaonyesha barafu ilipofika ilipokuwa kubwa, na zinazofuatana kuelekea kileleni zinaonyesha vituo vya kurudi kwake.

Mfano huo unaishia mahali pamoja, na ndipo watu wengi wanapopotea. Maji ya bahari yakipwa, yanarudi kweli. Barafu hairudi kamwe. Hata mwaka ambao tunasema barafuto “imerudi nyuma”, kila kipande chake kimesogea kwenda chini. Kilichorudi ni ukingo, kwa sababu mbele inayeyuka kwa kasi kuliko inavyoletewa barafu mpya kutoka juu. Hii ndiyo sababu moreni hukua pale ukingo unaposimama mahali pamoja kwa miaka mingi: barafu inaendelea kuja na kuyeyuka palepale, na kila mwaka inashusha mawe yake juu ya yale ya jana. Moreni kubwa kwa hiyo inashuhudia ukingo uliotulia. Ukingo ukikimbia kurudi juu, mawe hutawanyika bondeni bila kujenga kigongo. Mwanajiolojia anayelichunguza bonde zima huwa anasoma pia mahali ambapo hapana kitu.

Lakini mawe yaliyorundikana bondeni yanaweza kuletwa na mengi. Mafuriko hubeba mawe. Maporomoko ya ardhi huyabeba. Kwenye volkeno kama Kilimanjaro na Mlima Kenya, tope zito la majivu na maji linaweza kushusha mawe makubwa umbali mrefu. Kila rundo halistahili kuitwa moreni, na makosa ya aina hiyo yamewahi kufanyika sehemu nyingi duniani.

Tofauti ya kwanza ni mpangilio. Maji huchagua. Mto ukipungua nguvu huangusha kwanza mawe mazito, kisha kokoto, kisha mchanga, na matope huenda nayo mbali. Barafu haichagui, jiwe lenye ukubwa wa nyumba na unga laini kuliko wa sembe hushuka pamoja. Jambo la pili ni sura ya jiwe. La mtoni huviringika pande zote. La barafu mara nyingi huwa na upande uliosuguliwa ukawa bapa, pembe zilizofifia kidogo, na mikwaruzo iliyonyooka. La tatu, ambalo nadhani lina uzito kuliko yote, ni mwamba ulio chini ya vifusi. Barafu yenye mawe tumboni huusugua mwamba hadi unang'aa, na huuchora mistari inayofuata njia moja. Maporomoko ya ardhi yanaweza kuiga dalili moja au mbili kati ya hizi. Zikikutana zote, pamoja na kigongo chenye umbo la upinde linalolikata bonde, shaka hupungua sana.

Ulaya ilichukua muda mrefu kukubali hoja hii. Kwenye mabonde ya Uswisi kulikuwa na mawe makubwa ya matale yaliyokaa juu ya mwamba wa aina nyingine kabisa, makumi ya kilomita kutoka milima yenye matale. Jiwe moja mashuhuri, Pierre à Bot karibu na Neuchâtel, lilitoka kwenye safu ya Mont Blanc. Wasomi wengi walisema yaliletwa na gharika. Jean-Pierre Perraudin, mwindaji na mkaazi wa bonde la Bagnes, aliishi karibu na barafu na aliona inavyoyafanya mawe. Mwaka 1815 alimweleza Jean de Charpentier, mkurugenzi wa migodi ya chumvi ya Bex, kwamba barafuto za bonde lao ziliwahi kufika hadi Martigny, maana mawe yale ni makubwa mno kubebwa na maji. Charpentier hakumsadiki. Mhandisi Ignaz Venetz alimsikiliza, akakusanya ushahidi, na hatimaye Charpentier mwenyewe akageuka. Mwaka 1837 Louis Agassiz aliwatangazia wanasayansi waliokusanyika Neuchâtel kwamba kulikuwa na enzi nzima ya barafu. Sifa nyingi zilimwendea Agassiz, lakini mimi humtaja Perraudin kwanza, kwa kuwa ndiye aliyelisoma bonde lake kabla ya wenye vyeo.

Mahali barafu ilipofika ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ilikotoka, na hapo mawe mageni ndiyo yanayosema. Karibu na Oslo, Norway, kuna jiwe la volkeno lenye chembe kubwa zenye pembe nne, ambalo ni rahisi kulitambua na ni adimu mahali pengine. Vipande vyake huokotwa kwenye fukwe za mashariki ya Uingereza, ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Mto hauvuki bahari. Barafu ilitoka Norway, ikapita juu ya sakafu ya bahari hiyo, ikayashusha ng'ambo. Hata hivyo jiwe peke yake linaweza kudanganya: barafu ya enzi moja inaweza kulileta nusu ya njia, na ya enzi nyingine ikalichukua hapo na kulipeleka upande mwingine. Ndiyo maana jiwe husomwa pamoja na mikwaruzo ya mwamba na jinsi kokoto ndefu zilivyolala ndani ya tili, kwa kuwa barafu huzigeuza zifuate mwendo wake.

Msomaji anayeishi New York anaweza kulithibitisha hili bila kusafiri. Miamba ya Central Park imechorwa mikwaruzo inayotoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na juu yake yapo mawe meusi yaliyotoka ng'ambo ya mto Hudson, kwenye magenge ya New Jersey. Upande wa kusini-mashariki, Long Island imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya moreni mbili ndefu, zinazoonyesha ngao ya Kanada iliposimama. Mikwaruzo, mawe mageni na moreni vinakubaliana.

Sasa tuje kwenye umri, ambako ndiko wasiwasi mwingi wa watu ulipo. Moreni ni rundo la mawe, na mawe yenyewe yanaweza kuwa na umri wa mamilioni ya miaka. Hatutafuti umri wa jiwe. Tunatafuta siku lilipotuliwa.

Njia ya zamani zaidi ni kutafuta kitu kilichokuwa hai. Moreni ikiziba bonde, ziwa hujikusanya nyuma yake, na chini ya ziwa matope yenye mabaki ya mimea huanza kutanda. Umri wa mimea hupimwa kwa radiokaboni, aina ya kaboni inayopungua kwa kasi inayojulikana mmea ukishakufa. Kwenye Rwenzori, upande wa Uganda, kuna Ziwa Mahoma, karibu mita 3,000 juu ya bahari, lililozungukwa na moreni. Mtafiti Daniel Livingstone alichimba matope yake, na mwaka 1962 akatoa jibu: tabaka za chini zilikuwa na miaka karibu 14,700 kwa hesabu ya radiokaboni. Tarehe kama hiyo lazima isomwe kwa uangalifu. Inasema barafu ilikuwa imeshaondoka wakati huo, lakini haisemi iliondoka lini. Ziwa linaweza kukaa muda mrefu kabla mimea haijafika.

Njia mpya inalipima jiwe la moreni lenyewe. Dunia hupigwa kila wakati na miale inayotoka mbali angani. Miale hiyo ikigonga kwatsi, madini meupe yanayofanana na kioo, hutengeneza ndani yake atomi za beriliamu-10. Ni chache mno: kwenye usawa wa bahari ni kama atomi 4 kwa mwaka katika kila gramu ya kwatsi, na mlimani huongezeka kwa kuwa hewa ni nyepesi. Jiwe likiwa chini ya barafu nene au ndani kabisa ya mwamba, miale haiifikii kwatsi yake. Barafu ikilitua juu ya moreni, hesabu inaanza. Watafiti hupanda na nyundo na patasi, huchukua kipande cha juu cha jiwe, huitenga kwatsi maabara, kisha mashine maalumu huhesabu atomi.

Hii nayo ina mitego. Jiwe lililobingirika baada ya kutuliwa, au lililofunikwa na udongo kwa muda, litaonekana changa kuliko lilivyo. Lililowahi kukaa juani kwenye genge kabla ya kuchukuliwa na barafu litaonekana kuukuu. Kwa sababu hiyo hakuna mtafiti makini anayetegemea jiwe moja. Huchukua kadhaa kwenye kigongo kimoja na kuangalia kama yanakubaliana. Halafu aina ya mwamba nayo hutoa masharti yake. Rwenzori ni mwamba wa kale wenye kwatsi tele, kwa hiyo beriliamu inafaa. Kilimanjaro ni volkeno isiyo na kwatsi ya kutosha, na huko ilibidi kutumia klorini-36, atomi nyingine inayotengenezwa na miale hiyo, ambayo huzaliwa kwa njia zaidi ya moja na hesabu yake ni ngumu zaidi.

Mwaka 2014 mtafiti Meredith Kelly na wenzake walichapisha umri wa moreni za Rwenzori kwa beriliamu: kati ya miaka 24,900 na 20,100 iliyopita. Haupingani na matope ya Mahoma. Matope yalisema “kabla ya hapo”, mawe yakasema lini. Na kuna jambo kubwa zaidi ndani yake. Kipindi hicho Afrika Mashariki ilikuwa kavu kuliko leo. Wapo waliodhani barafu ya milima yetu ilikua kwa sababu theluji nyingi ilianguka. Lakini barafu kukua wakati wa ukame inaonyesha kwamba baridi ndiyo iliyotawala. Pia inakanusha ile picha ya dunia nzima iliyoganda: savana na misitu vilikuwepo chini ya milima hii, watu walikuwepo, na Unguja ilikuwa imeungana na bara, kwa kuwa maji mengi yalifungwa kwenye ngao za kaskazini na bahari ilikuwa chini kwa mita kama 120.

Turudi kwa wale wanaosema iliyeyuka zamani, basi haidhuru. Vifusi vinawakubalia sehemu ya kwanza. Utafiti uliofuata kwenye Rwenzori unaonyesha kurudi kwa barafu kulikwisha kuanza kati ya miaka 20,000 na 19,000 iliyopita, kabla hewa ukaa haijaanza kupanda karibu miaka 18,000 iliyopita. Hewa ukaa haikuwa chanzo cha kwanza. Iliongezea nguvu joto lililokwisha kuanza. Anayeficha hilo anaidhuru hoja yake mwenyewe. Lakini ushahidi uleule unathibitisha kwamba barafu ya ikweta hufuata joto kwa karibu sana. Mpito ule wote, hewa ukaa ilipotoka sehemu 190 hivi kwa milioni hadi karibu 260, ulichukua maelfu ya miaka. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Leo imepita 420, na nyongeza hiyo inatokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi tunayochoma. Barafu ya Rwenzori, iliyokuwa na eneo la zaidi ya kilomita 6 za mraba mwaka 1906, ilikuwa imeshuka chini ya kilomita 1 ya mraba mwaka 2003. Kujua kwamba joto liliwahi kupanda kwa sababu nyingine hakuondoi sababu ya sasa, ambayo imepimwa.

Kuna udhaifu wa ushahidi huu ambao sipendi kuupita kimya. Barafu kubwa ikija baada ya ndogo, hufuta moreni za ile ndogo, kama bamvua na mistari ya mwani. Mwaka 1909 Albrecht Penck na Eduard Brückner, kwa kusoma mabonde ya Alpi, walihesabu enzi nne za barafu, na idadi hiyo ikafundishwa kwa miongo mingi. Ilikuwa pungufu. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alisoma magamba ya viumbe vidogo katika matope ya sakafu ya bahari. Maji yenye oksijeni nyepesi huvukizwa kwa urahisi zaidi, hivyo barafu ikikua nchi kavu hufungia maji hayo, bahari inabaki na oksijeni nzito, na magamba huiandika hali hiyo tabaka kwa tabaka bila kufutwa. Bahari ilionyesha barafu ilikua na kupungua mara nyingi zaidi ya nne. Kwa hiyo leo kazi imegawanyika: matope ya bahari yanatoa idadi na mfuatano, moreni zinatoa mahali. Bahari haiwezi kukuambia kwamba ukingo ulisimama Long Island.

Je, usomaji huu unaweza kwenda nyuma kiasi gani? Mbali kuliko wengi wanavyodhani. Tili ikizikwa na kugandamizwa hugeuka mwamba, na mikwaruzo hubaki. Kusini mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu, chini ya tabaka za makaa ya mawe kuna miamba iliyotokana na mashapo ya barafu ya miaka karibu milioni 300 iliyopita. Mashapo ya enzi hiyo yapo pia Lukuga, mashariki mwa Kongo, na yametanda sehemu kubwa ya Afrika Kusini. Nooitgedacht, karibu na Kimberley, mwamba uliosuguliwa na barafu hiyo uko wazi, na wachoraji wa kale waliutumia kuchonga picha zao.

Mashapo hayo yaliwasumbua wanajiolojia wa karne ya 19. Yalipatikana Afrika, India, Australia na Amerika Kusini, nchi ambazo nyingine ziko karibu na ikweta, na kwenye baadhi ya pwani mikwaruzo ilionyesha barafu ikitoka upande wa bahari na kuingia nchi kavu. Ngao ya barafu haizaliwi katikati ya bahari yenye joto. Mwanasayansi wa Ujerumani Alfred Wegener, na baada yake mwanajiolojia Alex du Toit wa Afrika Kusini, waliyaweka mabara pamoja kama yalivyokuwa kabla hayajatengana, kuizunguka ncha ya kusini ya dunia. Mahali palipokuwa bahari pakawa nchi, mikwaruzo ikaelekea kutoka kwenye vitovu vya barafu kwenda nje, na Ruhuhu ikawa kusini kabisa, mbali na ikweta, mahali ambapo barafu haihitaji maelezo ya ziada.